Tulivyoondoka na Mke wa Mwenyeji

Jamani, hii habari huwa siisimulii mbele ya watu wa heshima, na hata nyie nawasimulia kwa sababu Godi keshaanza kuitoa vipande vipande kwa washkaji zake, na anavyoisimulia yeye mie naonekana chizi kabisa, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe niaibike kwa utaratibu wangu. Kwa kifupi ni hivi: niliingia nyumba ya watu nikiwa mgeni, nikalishwa, nikalazwa kitandani, na kesho yake nikaondoka na mke wa mwenye nyumba akiwa amekaa kwenye keria ya baiskeli ya mume wangu, kijiji kizima kimesimama kinatutazama. Kijiji sikitaji jina. Nikikitaja kuna watu watakuja Kimara kunitafuta.

Godi ndiyo mume wangu, kama kuna asiyemjua, karani wa mizigo, mrefu, mbishi, na tangu daktari amwambie apunguze tumbo amekuwa mtu wa baiskeli kuliko watu waliozaliwa juu ya baiskeli. Likizo yake ilipofika, badala ya kwenda kwao Moshi kama wanaume wenzake, akaja na baiskeli mbili na ramani kwenye simu, akaniambia tunatoka Kimara, tunapita Tabata, tunashika barabara ya Kilwa pale Mtoni mpaka Mkuranga, halafu tunaachana na lami, tunaingia porini kwenye njia za mikorosho mpaka Rufiji, jioni ikitukuta mahali tunalala hapo hapo. Wawili tu. Mie nina stationari yangu pale Kimara, nachapa barua za watu na kutoa kopi, nikafunga duka nikaenda, maana siku hizo nyumbani tulikuwa tunaongea habari za luku na gesi tu (walio kwenye ndoa wananielewa), nikasema labda huko porini tutakumbuka maneno mengine.

Sasa kosa lilianzia Mtoni, hata jasho halijatoka vizuri. Godi alisimama kujaza upepo, na pale pembeni kuna mama ana meza ya kanga na vitenge, na kwetu Same ukienda kwa watu mikono mitupu bibi yako anaweza kufufuka akusute, nikamwambia Godi ninunue zawadi ya atakayetupokea huko mbele. Godi akasema, "Nunua sukari na sabuni. Sukari haijawahi kumkosea mtu." Mie nikaona sukari ikinyeshewa itakuwa uji, nikashika kanga, ya njano ina maua mekundu, inang'aa mpaka raha. Yule mama akaniuliza, "Dada, unampelekea nani?" Nikamwambia yeyote tu. Akaiangalia kanga, akaniangalia mie na suruali yangu ya kubana, akasema, "Haya mwaya, we peleka tu." Akaifunga.

Najua mnachotaka kusema. Najua kanga ina maneno, kila mtu anajua, ila sie wa bara tunayachukulia kama maneno ya kwenye tisheti ya mtumba, hayamhusu aliyevaa wala aliyenunua. Na mie kazi yangu kutwa ni kusoma maandishi ya watu, nasahihisha mpaka koma, na yale ya kwenye kanga yalikuwa herufi kubwa nyeusi nimeyashika mkononi, nikaangalia maua.

Porini tuliteseka, hilo nalipita haraka. Mchanga wa kule unameza tairi, unashuka unasukuma, unapanda unaanguka, jua, mara mvua, na Godi yuko mbele anapiga mluzi, mie nyuma namlaani kimoyomoyo. Siku ambayo mambo yaliharibika mvua ilitupiga kuanzia adhuhuri, na jioni ringi ya nyuma ya Godi ikaingia kwenye shimo lililojaa maji, spoku zikakatika, gurudumu likawa linacheza singeli. Tukasukuma baiskeli mpaka kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona, tumelowa, meno yanagongana, tukapiga hodi.

Akatoka mzee mmoja, Mzee Shomari, kofia kichwani, mpole. Hakutuuliza hata tunatoka wapi. Akasema mgeni hasimamishwi mvuani, ingieni. Ua wake una vijumba viwili vinatazamana, kimoja cha bati, kimoja cha makuti, na palikuwa na wanawake wawili. Mmoja mtu mzima, Bi Mwanahamisi, mvi zimeshaanza, mwenye sauti ya chini. Mwingine mdogo kwake kwa umri, Tatu, mchangamfu, ndiye aliyetuchotea maji ya kuoga na kutupikia. Mzee akamwambia Bi Mwanahamisi, "Wapishe wageni." Maneno mawili tu. Yule mama akaingia kwenye nyumba ya bati, akatoa nguo zake juu ya kitanda, akatoa mto wake, akatandika shuka safi, akatukaribisha. Mie nikajua ni dada mkubwa wa yule mzee, shangazi wa pale, na Tatu ndiye mke. Sikuuliza. Nilikuwa nasikia baridi na nasikia njaa, na mtu mwenye njaa hafanyi utafiti.

Baada ya kula wali na kisamvu nikaona huu ndiyo wakati wa zawadi yangu. Nikaitoa kanga, nikasimama katikati ya watu wote, nikasema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, "Na hii ni ya mama mwenye nyumba," nikampa Tatu. Kwa mikono miwili. Kimya kikapita kidogo, mie nikadhani wamefurahi mpaka wamekosa la kusema. Tatu akaisogeza kwenye taa, akaitazama pale chini, akatabasamu, akasema ahsante dada. Bi Mwanahamisi akasema, "Nguo nzuri, mashallah," akabeba mto wake akaenda kulala jikoni. Na mie nikaenda kulala kwenye kitanda cha watu, nikakoroma kama nimekilipia.

Asubuhi mvua imekata. Godi akaikokota baiskeli yake akaenda kumtafuta fundi baiskeli huko kwenye maduka, mie nikasema nisikae bure, nikachukua dumu nikamfuata Tatu bombani. Tatu kavaa kanga yangu. Kipande kimoja kiunoni, kingine kajitanda mabegani, anatembea taratibu tena kwa kujitingisha, na mie nyuma yake na dumu najisikia vizuri, nasema mwenyewe angalia zawadi inavyopendeza, na Godi alitaka sukari.

Tulipofika bombani wanawake wakanyamaza. Mmoja akasogea, akayasoma yale maneno mgongoni kwa Tatu, kwa sauti, neno moja moja. Mwenzake akajiziba mdomo na mtandio. Mwingine akapiga kigelegele kifupi, akakikatisha katikati. Wengine wakaanza kucheka kile kicheko cha kuinamia ndoo. Mie, Magreth, mtoto wa Mpare, nikaona wanaisifia. Nikaweka dumu chini, nikajipiga kifua, nikasema, "Mie ndo nimemletea. Nimeinunua Mtoni."

Kicheko kikaisha. Wakageuka wote wakanitazama, na mama mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kumbe wewe ndiye uliyelala chumbani kwa Bi Mwanahamisi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Jana si ilikuwa zamu yake." Nikauliza zamu ya nini. Wakatazamana. Akasema, "Mwanangu, Shomari ana wake wawili. Mkubwa ni huyo aliyekupisha kitanda."

Hapo ndipo nikaisoma kanga. MWENYE KUPENDWA HAULIZI ZAMU.

Yaani piga hesabu mwenyewe: mie nimelala kitanda cha mke mkubwa usiku wa zamu yake, yeye kalala jikoni na mto wake, mzee kwa kuwa hana pa kulala kavuka ua kaenda kwa mke mdogo, na asubuhi mke mdogo anatoka na kanga mpya ya kumwambia mwenzie hayo, kanga niliyompa mie mbele ya wote huku namwita mwenye nyumba. Hata ningelipwa kuja kuivunja ile ndoa nisingeipanga vizuri vile. Nikaacha dumu, nikarudi mbio.

Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi kizingitini anafunga furushi. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikasema shikamoo mama. Akasema, "Marahaba mwanangu. Umelala salama? Kitanda hakikukuumiza?" Nikapiga magoti hapo hapo kwenye tope na kile kisuruali changu, nikamweleza yote, meza ya Mtoni, maua mekundu, kwamba mie ni mjinga wa kanga, kwamba nilidhani yeye ni shangazi. Watu walishaanza kujaa uani, wale wa bombani wamekuja na ndoo zao, mie naongea na kamasi linanitoka, sijali.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nakuamini. Inuka, unachafuka." Akaendelea kufunga. Nikamwambia basi mama usiondoke. Akasema, "Kanga hukuiandika wewe. Wala si wewe uliyenitoa chumbani kwangu mbele ya watu kama anavyotolewa kuku. Mie nimezaa hapa, nimelima hapa, naenda kwa kaka yangu."

Nikamgeukia Tatu, nikamwomba anirudishie ile kanga, nikamwambia nitampa jaketi langu la mvua na tochi juu. Tatu kasimama mlangoni kwake kajitanda, akasema, "Dada, si umesema mwenyewe ni ya mwenye nyumba? Mie zawadi ya mgeni sirudishi." Na kweli nilisema, watu wote walisikia. Nikamtazama Mzee Shomari, nikijua mwanaume atasema neno sasa, mkewe anafunga furushi. Mzee kakaa kwenye kigoda, anatazama ardhi, kofia kaishika mkononi. Nilitamani nimtikise. Mtu ukiwa mgeni hata hasira huna ruhusa nayo.

Sasa ndiyo akatokea Godi. Anakuja anaimba, anaendesha, gurudumu limenyooka, hajui lolote. Anawaona watu wamejaa, akadhani wamekuja kutuaga, akaanza kuwapungia mkono. Namkonyeza, haoni. Natikisa kichwa, anatabasamu. Bi Mwanahamisi akamuuliza, "Mwanangu, njia yenu ni ya kwenda Rufiji?" Godi akasema ndiyo mama. Akasema, "Kwa kaka yangu ni huko huko. Mtanibeba?" Na Godi, kwa ukarimu wote wa ukoo wao, akasema, "Bila wasiwasi mama, panda tu, sie wenyewe tulikuwa tunawaza tutawalipaje wema wenu."

Kuna mtu pale uani alisema Astaghfirullah. Sikuangalia nani.

Ningefanyaje? Ningemkatalia mbele ya watu, mama aliyenipa kitanda? Tukahamishia mabegi yetu kwenye baiskeli yangu pamoja na furushi lake, yeye akakaa kwenye keria ya Godi upande upande, baibui kalikusanya, mgongo umenyooka, na tukatoka. Watu wamepanga mstari njia nzima. Watoto wanakimbia pembeni. Nikamsikia mmoja anamwambia mwenzie kuwa wale ndiyo waliotumwa na kanga kutoka mjini. Nilikanyaga nikiwa nimeinamisha kichwa, na Godi mbele ananiuliza, "Mage, mbona wamenuna hawa?" Nikamwambia endesha.

Tulipoacha nyumba za mwisho tukaingia kwenye mikorosho. Bi Mwanahamisi hakugeuza shingo hata mara moja. Tukaenda kipande, akaniita, taratibu, kama anauliza saa, "Mwanangu, kuna mtu nyuma?"

Nikageuka. Njia tupu, alama za tairi zetu tu kwenye mchanga. Nikasema hapana mama. Akasema, "Haya."

Hapo ndiyo nikaelewa huyu mama anasubiri nini, na jamani nikawa nageuka kila baada ya mti, mpaka nikaingia kwenye kichaka na mabegi yote, nikajitoa, miiba imenichana, nikageuka tena. Hamna. Godi naye kwa kuona mzigo wa watu akawa anaendesha taratibu, nikashukuru Mungu kwa mara ya kwanza tangu tuoane kwamba anaendesha taratibu. Akauliza tena, "Kuna mtu?" Nikaona mbuzi na mama mwenye kuni. Nilikuwa na uongo mdomoni, nilitaka kusema yupo mama, anakuja, nikaogopa, maana uongo wa kitu kile ungemuua kuliko kanga. Nikasema, "Bado mama." Sikusema hapana, nikasema bado. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo.

Godi akaanza kuelewa. Akapunguza mwendo zaidi, akajifanya mnyororo umelegea, akashuka akaukagua, akapanda, akashuka tena kunywa maji. Nilimpenda. Acheni niliseme tu, nilimpenda pale mchangani na lile tumbo lake, nilikuwa sijamwona vile kwa muda mrefu.

Tukapanda kilima, nikageuka bila kutegemea kitu. Chini kule, kwenye mikorosho, kuna kitu cheupe kinayumba. Nikafuta jasho machoni. Mzee Shomari, juu ya baiskeli kuukuu ya madumu, kanzu kaikunja kaifunga kiunoni, kofia hana, anaendesha amesimama, anaanguka kwenye mchanga, anainuka, anasukuma, anapanda. Nikasema, "Mama, yupo. Anakuja."

Bi Mwanahamisi hakugeuka. Akajitengeneza ushungi, akakaa vizuri kwenye keria, halafu akampiga Godi kidogo mgongoni.

"Kanyaga, mwanangu."

Godi akasema, "Mama, tumsubiri?"

"Nimesema kanyaga."

Wallahi tulikanyaga. Tulishuka kile kilima kama tumeiba, mie mabegi yananipiga, Bi Mwanahamisi kashikilia kiti, na ningeapa mbele ya kanisa kwamba yule mama alikuwa anacheka. Tukafika kwa kaka yake hatuna pumzi, wakatupokea, wakashangaa, yeye akashuka akawasalimia wote mmoja mmoja, hakueleza kitu, akakaa kwenye mkeka akitazama njia.

Mzee Shomari alifika akiwa anasukuma. Akailaza baiskeli chini, akataka kusema, pumzi hana. Bi Mwanahamisi akainuka, akaingia ndani kwa wifi yake, akatoka na kata ya maji, akampa. Hakumsalimia, alimpa maji tu, na mzee akayanywa yote.

Kaka mtu akamuuliza, "Shemeji, umekuja kwa jema?"

"Nimekuja kumwomba mke wangu."

Bi Mwanahamisi akasema, "Kaka, muulize. Jana alikuwa na ulimi huo huo, kwa nini hakuniomba?"

Mzee akafikiri. Alifikiri mpaka nikatamani ardhi inimeze, maana sie wageni tumekaa hapo hapo kwenye mkeka tumewekewa mihogo mbele. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Wageni niliwaonea haya. Tatu nilimwonea haya. Wewe nilikuona wa ndani, nikadhani wa ndani haombwi."

Bi Mwanahamisi ndipo akalia. Hakulia wakati wa kitanda wala wa kanga, akaja kulia hapo, akajifuta na pembe ya ushungi, akasema, "Leo silali kwako. Kesho njoo tena, upige hodi, uniombe kama unavyowaomba watu." Mzee akasema atakuja. Akauliza aje saa ngapi, na kaka mtu akageuka pembeni kuficha kicheko.

Tuliaga tukiwa tumekatazwa mara tatu kuondoka, wifi mtu keshaanza kutoa mto wake atupishe chumba, na mie na Godi tukasema hapana kwa pamoja mpaka akashtuka. Bi Mwanahamisi alitusindikiza mpaka njiani. Nikamwomba tena radhi. Akanishika shavu, akasema nikifika mjini nisome kila kitu ninachonunua, hata kiberiti.

Basi, kuna ndugu zangu wananifuata eti tuungane nao safari ya baiskeli mwakani, nawaambia mie sitoki tena Kimara kwenda kulala kwa mtu, na nikilazimika kulala nitaulizia kwanza hicho kitanda ni cha nani, mwenyewe yuko wapi, na ameulizwa au ameambiwa. Wataniona sina adabu, poa tu.

Ila kuna kitu Godi huwa hakisimulii. Tulipofika njia panda, kushoto Rufiji, kulia kurudi lami, alisimama, akaweka mguu chini, akanitazama na mikwaruzo yangu ya miiba. Nilijua atasema Rufiji, ramani yake yote ilikuwa Rufiji. Akasema, "Mage, wewe unataka twende wapi?"

Nikashuka kwenye baiskeli, nikamwambia anipe hiyo simu yenye ramani niisome mwenyewe, maana mpaka hapo nilikuwa nimezoea kufuata.